Friji Iliyoamini Kelele

Jumatatu ya kwanza ya Agosti, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, transfoma iliyoning'inia kwenye nguzo mbele ya kinyozi ilipasuka. Ilitoa sauti kama ya mfuniko wa sufuria ulioanguka jikoni kwa watu, ikatema cheche tatu, kisha ikamwaga mafuta meusi juu ya kiti cha plastiki ambacho kwa bahati hakikuwa na mtu. Wacheza dhumna walisogeza meza yao hatua mbili. Aliyekuwa na zamu alicheza mbili-sita.

Kichochoro cha Los Cocuyos kiko Santiago, chini ya kilima, mahali ambapo upepo wa mto Yaque hufika ukiwa umechoka. Kilipewa umeme kuanzia saa kumi alasiri hadi saa nne usiku, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyepanga hivyo. Kila ulipofika, kichochoro kizima kilipiga kelele, "Umerudi!" Watoto walipiga, wanawake wenye mapovu mikononi walipiga, waliolala walipiga bila hata kuamka. Padri aliwahi kupiga katikati ya mazishi, na wafiwa wakaitikia. Hakuna aliyefundishwa kelele hiyo, kama vile hakuna anayefundishwa kupiga chafya.

Ukiacha bubu wa nyumba ya mwisho, mtu mmoja tu hakuipiga. Huyo alikuwa Mwalimu Eufemia, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na miwili, aliyefundisha sayansi kwa miaka thelathini na mmoja na kustaafu akiwa na sauti yake yote. Yeye alishukuru kwa sauti ya chini, kifaa kimoja kimoja, na kwa sababu maalumu. Aliishukuru birika ya kahawa kwa sababu mvuke unapokosa nafasi huyasukuma maji juu. Aliishukuru pasi kwa vile vipande viwili vya chuma vilivyogandamizwa pamoja, kimoja kikitanuka haraka kuliko mwenzake, vikajipinda na kukata moto kabla gauni halijaungua. Aliishukuru chupa ya chai kwa utupu ulio baina ya kuta zake, akisema hajawahi kuona mahali pengine ambapo kutokuwa na kitu kumemfaa mtu. Majirani walidhani ni uzee. Haukuwa uzee, alianza akiwa na miaka ishirini na mitatu.

Shukrani kubwa kuliko zote aliiweka kwa friji. Aliinunua mwaka 1984, na kichochoro kilimwita Askofu, kwa kuwa alikuwa mweupe, mpana, alinguruma chini chini kama anayesali Kilatini, na mlango wake ulitaka adabu.

"Askofu hatengenezi baridi," Mwalimu aliwaambia wanafunzi, mwaka baada ya mwaka. "Baridi haitengenezwi na mtu yeyote. Anachofanya ni kubeba joto lililoko ndani na kulitupa nyuma. Ni mchukuzi. Ukipita nyuma yake, weka mkono umpe pole."

Kwenye rafu ya kati ya Askofu, kando ya bakuli la maharagwe mekundu, vilikaa vichupa vitano vya insulini. Vilikuwa vya Nurkis, mjukuu wake wa miaka kumi, ambaye mama yake alikuwa Puerto Rico akiwatunza bibi za watu wengine. Duka la dawa la serikali lilitoa vichupa hivyo kwa miezi mitatu mitatu. Vingine vingekuja Novemba.

Mwalimu alipiga simu kampuni ya umeme siku ileile. Sauti tamu ilimpa namba ya taarifa yenye tarakimu kumi na moja na kumtakia jioni yenye mwanga.

Jumanne kipimajoto ndani ya Askofu kilisoma nyuzi tisa. Jumatano, kumi na tano. Jumatano hiyohiyo betri za duka la kona zilikata roho, na pamoja nazo barafu ya mwisho ya mtaa. Mwalimu alijaribu mtungi wa udongo uliofunikwa kitambaa kibichi, lakini maji hupoza yanapokauka, na hewa ya Santiago mwezi wa Agosti imeshiba maji hadi shingoni. Haikutaka hata tone. Alhamisi kipimajoto kilisoma ishirini na nne. Nje, chini ya mabati, zilikuwa thelathini na sita.

Juu ya kilima palikuwa na mtaa wa ukuta na geti, Brisas del Alto, wenye transfoma yake na chemchemi ya mapambo iliyobadilika rangi usiku na mchana. Zunilda, jirani wa mlango wa pili, alipanda huko mara tatu kwa wiki kupiga pasi. Alhamisi alichukua vichupa viwili kati ya vile vitano, akavificha kwenye friji ya bosi wake, nyuma ya jibini. Ijumaa alirudi mikono mitupu.

"Amesafisha friji," Zunilda alisema, akiwa amesimama mlangoni bila kuingia. "Alidhani ni dawa ya mbwa. Na mbwa alishapona."

"Umemwambia ni ya mtoto?"

"Nimemwambia, Mwalimu. Akasema maskini. Akanipa jibini."

Mwalimu alilipokea jibini na kulishukuru, kwa kuwa nalo ni namna ya maziwa kujihifadhi yenyewe. Kisha alikaa kwenye kiti mbele ya Askofu, akahesabu vichupa vitatu mpaka vikawa vitatu tena.

Jumamosi saa kumi kamili, Nelsido kinyozi alitoka nje ya kibanda chake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mnene wa mashavu, ambaye mashine yake ya kunyolea ilikuwa kimya siku ya sita na ambaye hakujua kukaa bila shughuli. Aliwatazama wacheza dhumna, akavuta pumzi, akapaza sauti:

"Umerudi!"

Kichochoro kizima kiliitikia kabla hakijafikiri. "Umerudiii!" Wanawake walikimbilia pasi, wanaume walibonyeza swichi, bibi mmoja alianza kumjibu mtangazaji wa redio ambayo haikuwaka. Hakuna balbu iliyowaka. Halafu matusi.

"Nelsido, wewe mtoto wa nani kwanza?"

"Siku ukifa tutasema umerudi, tuone kama utaamka!"

"Mbona mmekimbia wenyewe?" alisema Nelsido, akijipangusa machozi ya kicheko. "Mimi nilikuwa namsalimia jamaa yangu tu."

Hapo ndipo aliposikia, na wengine wakasikia, kutoka nyumba ya Mwalimu, mngurumo wa chini wa Kilatini.

Askofu alikuwa anafanya kazi. Balbu juu yake haikuwaka. Mwalimu aliishika plagi, akaichomoa ukutani, akasubiri. Askofu aliendelea. Aliweka kiganja nyuma yake akakuta joto, la kweli, likipanda ukutani. Alitazama saa, akachukua daftari, akaandika: *Saa kumi na dakika moja. Amewashwa na kelele. Plagi imo mkononi mwangu.*

Kwa miaka arobaini Askofu alikuwa amesikia kelele ile kila siku, na kila siku, mara tu baada ya kelele, kazi ilianza. Alikuwa wa zamani na mwenye imani. Alinguruma mpaka saa nne usiku, kwa mujibu wa ratiba, akanyamaza. Kipimajoto kilisoma nyuzi sita.

Jambo moja tu lilimkera Mwalimu: joto halibebwi bure, na mchukuzi lazima ale. Nguvu ilitoka wapi? Jibu alilipata asubuhi, Zunilda alipokuja kuazima blanketi.

"Blanketi, Agosti?"

"Tumelala tukitetemeka, Mwalimu, mimi na watoto. Yule bubu wa nyumba ya mwisho peke yake ndiye aliyetoka jasho."

Mwalimu alizunguka nyumba zote na daftari lake. Kila aliyepiga kelele alilala na baridi na kuamka na njaa. Mtu mzima aliyekaa tu, aliwaeleza, hutoa joto sawasawa na ile balbu kubwa ya zamani. Kichochoro cha watu arobaini ni balbu arobaini zinazotembea. Askofu alikuwa anachota kidogo kwa kila mmoja.

"Kwa hiyo mimi ni balbu," Nelsido alisema.

"Wewe ni kibatari," alisema Zunilda. "Chota mafuta ukae kimya."

Jumapili saa kumi, Nelsido alipiga tena kelele, na watu wakaitikia, safari hii wakijua. Askofu alikohoa mara moja na kunyamaza. Walijaribu mara tatu. Walijaribu kwa pamoja, kwa zamu, kwa kuimba. Hakuna. Kipimajoto kilipanda hadi kumi na moja.

"Mmeniitikia mimi tu," alisema Nelsido. "Jana mlifurahi. Leo mmekuja kama waliotumwa na mama zao."

Hilo lilikuwa kweli, na Mwalimu aliliandika. Askofu alihitaji watu wafurahie kitu, na umeme haukuwepo wa kufurahiwa. Kesho yake, saa tisa, alibeba ubao wake wa zamani, akauegemeza kwenye nguzo ya transfoma, na kuwaambia kila mtu alete kifaa kimoja alichowahi kukipenda. Aliwaambia kwa sauti ileile iliyowahi kuwatoa nje ya darasa baadhi yao, kwa hiyo walikwenda kuvichukua.

Zunilda alileta pasi. Alikuwa ameishika kwa miaka ishirini na miwili akidhani inajizima kwa sababu ni mbovu. Mwalimu aliifungua kwa bisibisi, akamwonyesha kile kipande cha chuma cha tabaka mbili, kinavyojipinda kikipata moto na kunyooka kikipoa. Zunilda alikigusa kwa ncha ya kidole.

"Kumbe alikuwa ananichungia nguo," alisema. "Na mimi namtukana kila siku."

Mcheza dhumna mmoja mzee alileta sufuria ya mgandamizo ya marehemu mkewe, na akajifunza kwamba ndani yake maji huchemka kwa joto kubwa kuliko kawaida, kwa kuwa mvuke umefungiwa, ndiyo maana maharagwe yaliiva kabla ya misa kwisha. Alisema mkewe aliwahi kumweleza hivyo na yeye akamwambia aache maneno mengi. Nelsido alileta kioo cha kibanda chake, akijifanya anafanya mzaha. Mwalimu alimwonyesha utando wa fedha ulio mwembamba kuliko nywele, nyuma ya kioo, unaorudisha nuru yote bila kujiwekea kitu. Nelsido alikigeuza kioo nyuma mbele mara tatu, jambo ambalo nalo liliingizwa daftarini.

Saa kumi ilipofika walipiga kelele. Zunilda alipiga kwa ajili ya kipande kile cha chuma. Yule mzee alipiga kwa ajili ya maharagwe ya marehemu. Askofu aliwaka kwa kishindo kilichotikisa vikombe, na saa moja baadaye watu wote walivaa masweta.

Ikawa ndiyo kazi ya kila siku. Saa tisa, somo. Saa kumi, kelele. Walijifunza kwa nini kitasa hufunga, kwa nini sabuni hushika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine, kwa nini kiberiti hukubali upande mmoja tu wa sanduku. Watu walianza kunena na vifaa vyao njiani. Kipimajoto kilikaa kwenye nyuzi nne, na Nurkis aliruka kamba mbele ya nguzo, akadungwa sindano zake kwa wakati, akakua nusu sentimita.

Siku ya ishirini, saa kumi na moja alasiri, gari la kampuni lilisimama mdomoni mwa kichochoro. Mgongoni lilibeba transfoma mpya, bado ina nailoni. Alishuka mkaguzi mwenye kofia ya njano na ubao wa kuandikia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ovidio? Wewe si yule aliyekula chaki?"

"Ndiye mimi, Mwalimu. Darasa la sita." Alivua kofia. "Tumeleta transfoma yenu. Nina swali moja tu la fomu, tuifunge kabla jua halijazama. Je, kuna kifaa chochote kinachofanya kazi?"

Wote wawili walisikiliza. Askofu alikuwa katikati ya sala.

"Kuna friji," Mwalimu alisema. Hakuwahi kudanganya mbele ya mwanafunzi. "Lakini haijachomekwa." Akampa plagi aishike.

Ovidio aliigeuza plagi huku na huku, akaweka kiganja nyuma ya Askofu, akasema pole, kama alivyofundishwa. Kisha akakuna kichwa kwa kalamu.

"Friji haifanyi kazi bila umeme. Ulinifundisha wewe mwenyewe. Niliposema inaendeshwa na barafu ulinitoa nje nikasimama juani."

"Na nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi. Basi umeme upo."

"Friji inaendeshwa na watu, Ovidio. Wanashukuru."

"Sikatai, Mwalimu. Nawaona walivyovaa masweta." Alimwonyesha fomu. "Lakini tazama. Kuna *huduma ipo* na kuna *huduma haipo*. Wanaoshukuru hawana kisanduku." Akaandika alama kwenye kisanduku cha kwanza, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na Mwalimu. "Nitapita tena baada ya mwezi. Nikikuta kimya, nitaandika haipo, na transfoma itakuja. Mwezi mmoja tu mkae bila hiyo kelele."

Gari liliondoka na mzigo wake, likapanda kilima. Brisas del Alto walikuwa wameomba transfoma ya akiba, kwa ajili ya chemchemi.

Jioni hiyo watu walikaa kwenye meza ya dhumna bila kucheza. Nelsido ndiye aliyesema.

"Mwezi si mrefu. Mimi sijanyoa mtu kwa mashine tangu Agosti ianze. Wateja wangu wanafanana na nazi. Mwezi mmoja wa kunyamaza, tupate umeme wa saa sita kwa siku kama watu wengine."

"Na mimi, kwa njaa hii, kila sahani ya wali naipigia pasi nguo nane," alisema Zunilda. "Si kwamba nalalamika."

Hakuna aliyemtazama Mwalimu. Walikuwa wamejikunyata ndani ya masweta, na Nurkis alikuwa akiruka kamba, akihesabu kwa sauti: mia na nne, mia na tano. Mwalimu alijua kwa hesabu siku ngapi vichupa vitatu vingestahimili nyuzi thelathini na sita, na alijua kwamba Novemba haikuwa ndani ya siku hizo. Alijua pia kwamba jambo hilo haliombwi. Mtu ukimwomba shukrani, anakupa kitu kingine, na Askofu angetambua. Aliaga, akaingia ndani.

Kesho yake saa tisa hakukuwa na somo, kwa kuwa hakuna aliyekuja. Mwalimu alikaa kwenye kiti mbele ya Askofu, kiganja chake juu ya mlango mweupe. Nurkis alikaa sakafuni akichora friji yenye kofia. Saa kumi kasoro dakika moja, kichochoro kilikuwa kimya hivi kwamba ilisikika chemchemi ya juu kilimani.

Saa kumi kamili hakuna kilichotokea. Mwalimu alihesabu sekunde, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Alifika ya kumi na nne.

"Umerudiii!"

Ilikuwa sauti ya Nelsido, imekwaruza, kama ya mtu aliyejaribu kujizuia na kushindwa. Nyuma yake ilikuja ya Zunilda, kisha ya yule mzee, kisha watoto, kisha wote. Hata bubu wa nyumba ya mwisho alipiga sufuria. Hawakupiga kwa ajili ya pasi wala kioo. Walikuwa wamesimama nje ya mlango wa Mwalimu, arobaini, wakimtazama mtoto anayechora.

Mwalimu Eufemia, ambaye kwa miaka thelathini na tisa alishukuru kwa sauti ya chini na kwa sababu maalumu, alifungua mdomo akapiga kelele. Hakutaja sababu. Askofu aliwaka kwa nguvu iliyomsogeza shubiri moja kutoka ukutani.

"Mwalimu naye!" alisema Nelsido kutoka nje. "Haya, tufungieni hilo friji kabla halijatuua kwa baridi."

Ovidio alipita baada ya mwezi, akasikiliza mlangoni, akaandika alama kwenye kisanduku cha kwanza. Amekuwa akifanya hivyo kila mwezi. Huleta salamu, na mara moja alileta chaki. Mwisho wa mwaka kampuni iliwaandikia barua Los Cocuyos, ikiwapongeza kwa kutolalamika. Ndani ya transfoma iliyopasuka ndege wamejenga kiota. Novemba vichupa vilikuja, na vingine Februari, na Askofu anavihifadhi kwenye nyuzi nne.

"Bibi," Nurkis aliuliza jioni moja ya Agosti iliyofuata, "umeme ukirudi kweli, tutajuaje?"

Mwalimu alifikiri. "Tutatazama balbu kwanza," alisema.

Walitazama balbu. Nje jua lilikuwa likizama, na kichochoro kizima kilikuwa mlangoni kikila wali kwa njaa kubwa, kimejifunga mablanketi. Juu kilimani chemchemi iligeuka kijani, kisha nyekundu. Mwalimu aliweka kiganja nyuma ya Askofu, akasema pole, akaenda kumtafutia mtoto soksi.